Mahali Wimbo Unapokatika

Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili Agosti, saa nne asubuhi, umeme ulikatika mji mzima, na fundi magodoro akawa mgane. Mke wake alikuwa juu ya meza ya upasuaji kwa ajili ya uvimbe ambao daktari mwenyewe aliuita mdogo. Jenereta la hospitali lilikuwepo, tena jipya, limepakwa rangi ya kijani. Lilikosa mafuta tu. Mafuta yake yalikuwa yametiwa kwenye gari la mkuu wa hospitali, na mkuu alikuwa njiani kwenda kufungua semina ya huduma bora. Waliompa fundi habari hiyo walimnong'oneza, na kesho yake wakakana kwamba walisema lolote.

Tangu hapo fundi hakuwa na salamu na mtu mwenye cheo. Diwani akipita mbele ya karakana, yeye aligeuka akaangalia sponji. Karani, mkaguzi, mkuu wa umeme, mkuu wa hospitali, wote kwake walikuwa watoto wa tumbo moja, wamenyonya ziwa moja, na kazi yao ilikuwa moja: kusaini na kuondoka.

Kilichobaki nyumbani ni wimbo mmoja. Marehemu alikuwa mlezi katika shule ya chekechea, na nyimbo za kuwabembeleza watoto alizitunga mwenyewe, akaziimba na kuziacha zipotee hewani. Huu mmoja tu ndio walioukamata. Waliurekodi katika chumba cha nyuma cha karakana, ambacho fundi alikibandika mabaki ya sponji ukutani, darini na nyuma ya mlango, mpaka ukipiga kofi humo ndani kofi linakufia mkononi. Kompyuta ilikuwa kuukuu, imetupwa na ofisi fulani. Ilikataa kila programu iliyopewa, ikakubali Linux peke yake, kwa hisani ya mdogo wa marehemu, aliyekuja akakaa nayo siku nzima, akiibembeleza na kuitukana.

Mke aliimba, mume alikaa kwenye mashine. Fundi aliachia shule darasa la nne, na maandishi ya kwenye skrini aliyaona kama nyayo za kuku. Kwa hiyo mke alichukua rangi yake ya kucha, akadondosha tone jekundu kwenye kitufe kimoja cha kibodi.

"Unabonyeza chekundu, halafu kile kirefu," alimwambia. "Basi. Ukigusa kingine chochote narudi kwetu."

Hakuwahi kugusa kingine.

Baada ya mazishi akawa anaingia humo kila mchana, wakati wateja wanapokwenda kula. Alijifungia kwa ndani, akavaa hedifoni, akamsikiliza. Hakuanza mwanzo. Mashine ilikuwa na tabia ya kusimama pale alipoiacha, naye akajifunza kuiacha karibu na sehemu alizozipenda: pale sauti inaposhuka kama mtu anayemlaza mtoto, na pale anapomeza mate kabla ya mstari wa pili.

Wimbo ukaanza kukatika. Mwanzo ilikuwa tak, tak, kama kucha inayogonga bati. Halafu yakaja mapengo. Mke anaimba vizuri, mara anatoweka katikati ya neno, na kurudi mbele huko kana kwamba alikuwa amekwenda kuepua chungu jikoni. Wiki baada ya wiki mapengo yaliongezeka, na yalichagua mahali pa kuuma. Sehemu aliyoipenda zaidi ndiyo iliyokufa kwanza.

Tena mapengo yenyewe hayakuwa kimya. Ndani yake kulikuwa na mtu anapumua.

Siku ya kwanza alizivua hedifoni akazitupa kama mtu aliyeng'atwa. Siku ya pili akazivaa tena. Mwisho akazoea, na baada ya kuzoea akaanza kuisubiri ile pumzi, na hata kuisemesha. Ila wimbo ulikuwa unaisha mbele ya macho yake. Akaona dhahiri kwamba kabla mwaka haujaisha hatakuwa na hata neno moja zima la mke wake.

Mkosaji hakuwa na haja ya kumtafuta. Alifunga karakana, akaenda ofisi ya umeme.

"Umeme wenu unakata wimbo wangu," alimwambia karani.

Karani alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Mzee, umeme unakata taa. Wimbo haukati."

"Ulimkata mke wangu. Wimbo utaushindwa?"

Watu wa foleni waliinamisha macho. Karani akasema meneja hayupo, na fundi akasema anajua, mameneja wa nchi hii hawajawahi kuwepo.

Ndipo alipopiga moyo konde akampigia simu shemeji yake, yule mdogo wa marehemu. Alikuwa amemnunia bila sababu yoyote ya maana: mwanamke huyo alikuwa fundi mitambo wa redio ya serikali, na serikali ni serikali. Alikuja Jumamosi asubuhi, begi la waya begani.

"Mtu wa serikali," fundi akamkaribisha mlangoni. "Karibu. Viti vyetu ni vya wananchi, utavumilia."

"Nimeshakaa kwenye vibaya zaidi, shemeji. Na umekonda kama ubao wa kitanda chako. Wimbo uko wapi?"

Alivaa hedifoni, akasikiliza akiwa amefumba macho. Ilipofika ile tak ya kwanza, alitikisa kichwa kama daktari anayeujua ugonjwa tangu mlangoni.

"Hii naijua. Mashine inachota sauti kwa ndoo. Umeiwekea ndoo ndogo, kwa hiyo inapiga mbio bila kupumzika, na ikichelewa kidogo tu bomba linakauka. Ndiyo hiyo tak unayoisikia."

"Mimi sikuweka ndoo yoyote."

"Niliweka mimi, kwa ajili ya dada. Mwimbaji akipewa ndoo kubwa sauti yake inamrudia imechelewa, anakanyagana nayo. Wewe unasikiliza tu, ndoo kubwa haikudhuru."

Akaandika mambo kwenye skrini nyeusi, akaiongeza ndoo. Akazima Wi-Fi, ambayo alisema inaidokoa mashine kila dakika. Akaiondolea ruhusa ya kusinzia ili kubana umeme. Waya wa kadi ya sauti, uliokuwa umebanana na wa kipanya kwenye kigawanyio kimoja, akauhamishia nyuma ya kompyuta, peke yake. Fundi alikaa juu ya marobota akiufuata mkono wake kwa macho.

Tak zikaisha, kama mvua inavyoacha bati. Akafungua na spika ndogo ya kompyuta, sauti ya marehemu ikatoka safi, na fundi akashika magoti.

Kisha ikakatika katikati ya neno. Na katika pengo mtu akapumua.

Shemeji yake akaisogelea skrini. Akarudisha nyuma, akacheza tena. Pengo mahali pale pale, pumzi ile ile.

"Umemsikia?" fundi akauliza.

"Nimesikia." Hakumtazama. "Shemeji, mapengo haya si ya ndoo. Hitilafu ya kucheza huhama, leo hapa, kesho pale. Haya hayahami. Yamo ndani ya rekodi yenyewe."

"Maana yake?"

"Maana yake yalirekodiwa hivyo tangu siku ile, au kuna kitu kimewekwa juu baadaye."

"Kama yalirekodiwa hivyo?"

"Basi hakuna cha kurudisha. Yamekwenda naye."

 Mdomoni fundi alikuwa na maneno tayari kwa ajili ya ofisi ya umeme, lakini hayakutoka.

"Hebu nionyeshe unavyosikiliza," shemeji akasema, akampisha kiti. "Kama kila siku. Nifanye kama sipo."

Akakaa. Akanyoosha mkono bila kuangalia, akabonyeza kitufe chenye tone jekundu, kisha kile kirefu. Juu ya skrini kikawaka kiduara chekundu, kile kile ambacho kimekuwa kikimwakia kila mchana, naye akidhani ni taa ya kuonyesha uzima.

Shemeji yake aliisimamisha mashine.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Dada yako mwenyewe. Chekundu, halafu kirefu."

"Chekundu ni cha kurekodi. Alikufundisha kwa sababu yeye alikuwa anaimba. Akiwa haimbi ulitakiwa kubonyeza kile kirefu peke yake." Alisema taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. "Kila ulipomsikiliza, mashine ilikuwa inakurekodi wewe. Maiki iko hapo hapo, haijazimwa. Wewe unamsikia yeye, yenyewe inakutandika juu yake. Ukirudi kesho mahali pale, unakutana na wewe wa jana umekaa."

Fundi alitazama tone la rangi ya kucha, kisha mkono wake. Kwa miezi yote ile alikuwa amewatafuta wauaji wa wimbo kwenye ofisi zenye mapazia.

"Kwa hiyo mkubwa wa humu ndani nilikuwa mimi," akasema. "Nimesaini, nikaondoka."

"Usianze. Hujamfuta, umemfunika. Programu hii haina tabia ya kufuta, inatandika tabaka juu ya tabaka. Kazi yako hiyo, shemeji. Godoro la chini likifunikwa na la juu limekufa?"

"Halijafa."

"Basi tuyanyanyue."

Akayanyanyua moja moja, akiyavuta kwa kipanya na kuyashusha mstari wa chini, pembeni. Yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia. Mahali pengine yalirundikana hata ukashindwa kuona lipi ni la lini, na fundi, bila kuambiwa, alijua kila rundo ni mstari gani wa wimbo. Lilipoondoka la mwisho, shemeji akabonyeza kitufe kirefu, kirefu peke yake.

Marehemu akaimba kuanzia mwanzo. Akamlaza mtoto. Akameza mate kabla ya mstari wa pili. Hakukatika popote mpaka akamaliza na kucheka kidogo, na kuuliza kama mashine imeshika. Fundi alilia bila kujificha, na shemeji yake akajifanya anakunja waya.

"Kumbe kila mchana nilikuwa najipumulia mwenyewe," akasema baadaye, akijifuta kwa kofia. "Miezi yote naongea na kifua changu."

"Hata mimi huongea na gari langu. Haya niyatupe?" Alimwonyesha yale matabaka yaliyoshushwa chini.

"Kwanza nisikie mjinga alivyokuwa anakaa."

Akalicheza la mchana wa jana. Chumba kikasikika, kiti kikalia. Pumzi ya fundi ilitambulika mara moja: ilikwaruza, kwa vumbi la sponji la miaka yote ile. Ikapita, ikarudi. Na kando yake ikapita nyingine, laini.

"Hiyo ya pili," fundi akasema. "Hiyo ndiyo ninayoijua."

"Ni yako hiyo hiyo. Inaingia kwenye maiki, inatokea kwenye hedifoni imechelewa, inavuja na kuingia tena kwenye maiki. Nakupimia uone." Akakuza mchoro wa sauti mpaka pumzi zikawa vilima viwili. "Kuchelewa kwa mashine kuna adabu, shemeji. Ndoo ikiwa ile ile, pengo kati ya sauti na kivuli chake ni lile lile, asubuhi na jioni."

Akapima pumzi ya kwanza. Akapima ya pili, akakunja uso, akaipima upya. Pengo lilikuwa refu zaidi. Lililofuata lilikuwa fupi. Akahamia tabaka jingine, kisha jingine la chini yake, na fundi akaona vidole vyake vinapunguza mwendo.

"Nini?"

"Hapa ile laini imetangulia."

"Si umesema ni kivuli?"

"Nimesema." Alizivua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu, kama kitu kilicholala. "Sauti inaweza kuchelewa vyovyote. Haiwezi kufika kabla haijatolewa."

"Mlango nilikuwa nafunga kwa ndani."

"Najua. Sikii mlango humu."

Nje mteja aligonga kaunta, akaita fundi, akakata tamaa na kwenda zake. Shemeji akafungua matabaka matatu ya mwisho, yale ya wiki hiyo hiyo. Yote yalikuwa sawa: pumzi laini inatoka, inasubiri kidogo, kisha ile ya kukwaruza inaiga, kwa kina kile kile, kama mtoto anayefundishwa kulala.

Alimgeukia fundi, na kwa mara ya kwanza tangu aingie hakuwa na utani usoni.

"Shemeji, hapa wewe ndiye unayefuata," akasema. "Ulikuwa unamfuata nani?"