Aliyeketi Juu ya Ndoo Yangu

Magoti ya bibi yangu Rozalia yalipoanza kumsumbua, kazi ya kumwagilia vinyungu, zile bustani zetu za bondeni, ikawa yangu. Siku ya tatu chemchemi ikakauka. Miche ya nyanya ililala chini yote, na sisi hatuna kingine cha kupeleka kuuza barabarani Ilula.

Nilimweleza bibi. Akauliza jambo moja tu.

"Ulimsalimia?"

"Nani?"

"Mwenye maji! Ulifikiri kila asubuhi nilikuwa naongea na vyura?"

Kweli, nilidhani ni uzee. Mimi hata watu wa kanisani nawasalimia nikiangalia viatu vyao.

Nikarudi bondeni na ndoo. Nikaiweka chini, nikachuchumaa kwenye jiwe kama bibi alivyonielekeza.

"Kamwene," nikasema.

Nikakohoa kidogo, nikarudia.

"Kamwene."

"Hiyo ni salamu au unapumua?"

Nikageuka. Juu ya ndoo yangu alikuwa ameketi kibibi mmoja, mfupi kuliko tenga la nyanya. Nywele zake zilikuwa majani mabichi, na miguu yake myembamba kama ya korongo. Amenuna!

"Siku mbili umechota, umenigeuzia mgongo, ukaondoka. Rozalia akinisalimia, mpaka ng'ambo wanasikia."

"Nisamehe, bibi. Naona aibu."

"Aibu ya nini? Na miguu yangu hii mbona nimejitokeza?"

Nilitaka kukimbia. Nikaitazama miche. Nikafumba macho, nikavuta pumzi.

"KAMWENEEE!"

Sauti iligonga mlima ikarudi. Ng'ambo ya bonde mzee Kasian, aliyekuwa analima viazi, akainua jembe lake.

"Kamwene, binti! Mmeamkaje huko?"

"Kumbe ana sauti huyu!" mama Happy akadakia kutoka kwenye mahindi yake. "Kamwene, Benedicta!"

Kibibi akacheka, akacheka, mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo. Sikumwona tena. Pale alipoangukia maji yakachomoza, yakanilowesha mpaka kiunoni, nami nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Nyumbani nilimkuta bibi mlangoni.

"Nimekusikia," akasema. "Amekujibu?"

"Bonde zima limejibu."

Nyanya za kwanza zilipoiva, niliweka tatu kwenye lile jiwe, na ndoo yangu nikaiacha hapo. Asubuhi nikakuta vikonyo vitatu, na ndoo imejaa maji.