Kaburi la Nyuma ya Sakristia

Kanisa la parokia yetu lilijengwa na mtu na shemeji yake: baba yangu, mwashi, na mjomba, seremala. Kabla ya hapo waumini walisali kwenye karakana ya mjomba, wakipiga magoti juu ya maranda. Ukuta wa kwanza ulipofika usawa wa madirisha, mvua iliulegeza ukamwangukia baba mdogo, aliyekuwa akimpokeza baba matofali. Alizikwa palepale, nyuma ya sakristia. Paroko wa wakati ule aliahidi mbele ya wote kwamba hataondolewa. Kwa neno hilo tu baba alikubali kurudi kazini.

Miaka ikapita, waumini wakafurika hadi nje, ikaamuliwa kanisa lipanuliwe. Mjomba, sasa mwenyekiti wa parokia, alinipigia simu. Alisema baba amechoka, nimwite kwangu akamwone mjukuu. Nilifurahi kuona anavyomjali. Baba akaja, akakaa hadi mtoto akasimama dede.

Nilipomrudisha, tulipitia kanisani. Nyuma ya sakristia tulikuta msingi mpya, zege limeshakauka. Baba alizunguka taratibu kama mtu aliyepotea njia. Kibarua mmoja, asiyemjua, akamweleza kwamba hapo palikuwa na kaburi la zamani. Mabaki yamehamishiwa makaburi ya mji.

Mjomba tulimkuta karakanani. Hakukana. Paroko mpya alitaka idhini ya ndugu wa marehemu, naye aliitoa. Kwani yeye si ndugu? Tena sala ilisomwa vizuri.

"Mbona hukuniuliza, shemeji?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa," baba akasema. "Ungenibembeleza, ningekubali. Unanijua."

Mjomba akashika randa, akaiweka tena. Baba akamuuliza ni akina nani waliokuwepo kwenye hiyo sala.

"Dada alikuwepo," mjomba akajibu chinichini.

Dada yake ni mama yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nyumbani mama alitupokea mizigo huku akilia, akisema kaka yake alimwapisha asiseme. Baba alikula, akanawa.

Kesho yake alikwenda makaburini kumjengea mdogo wake kaburi upya. Mama alimfuata na ndoo ya maji ya kukorogea saruji. Baba aliyapokea maji, akaendelea kupanga matofali.

Siku kanisa lilipotabarukiwa, mjomba alikuja amevaa suti kumchukua baba, kwa kuwa wajenzi wa kwanza walitengewa viti vya mbele. Baba alimwambia bado ana lipu ya kumalizia. Mama alikwenda peke yake, akakaa nyuma kabisa.