Udongo wa Kichangani

Kabla Albano hajauvuka ua wake, aliuona mgongo wa Bi Mwanabaraka umeinama mlangoni. Bibi huyo alikuwa akichokoa kizingiti cha nyumba kwa ncha ya kisu cha jikoni, udongo mwekundu anautia kwenye kifuu cha nazi, na Bernadeta, mkewe Albano, amesimama kando mikono kifuani kama mtu anayetazama mgeni akila chakula cha watoto. Ilikuwa Jumapili, jua la Februari limechachamaa, na Albano ndiyo kwanza anatoka misani.

Akamwamkia. Bibi aliitikia marahaba bila kugeuka, akasema asimtazame hivyo, milango yote ya Kichangani alishaipitia, na huu ulikuwa wa mwisho.

Balaa lenyewe kila mtu alilijua. Kichangani kilikuwa kitongoji cha vibanda vya udongo nyuma ya Kinondoni, kati ya minazi na mashamba ya mihogo. Siku moja Bwana Shauri, yule Mzungu aliyeshika wilaya, alikuja na gari, akaweka mguu mmoja juu ya ngazi ya gari, akasoma amri kwa jina la Gavana. Ardhi ile inatakiwa kwa nyumba za maofisa. Watu wahame kabla mwezi haujaisha, na atakayebaki atavunjiwa. Mzee mmoja alinyoosha mkono apate kuuliza neno, gari likawashwa. Ndiyo ikawa shauri zima! Watu wakabaki wanapigwa na vumbi. Bahati yao, wakili mmoja wa Kihindi, ambaye Bi Mwanabaraka alimlea tangu yuko mgongoni, aliona haya, akalipeleka jambo hilo korti kuu mjini. Lingesikilizwa kesho yake, Jumatatu.

Na huko korti kuu, Albano ndiye mvuta panka. Panka lilikuwa pazia refu la kitambaa cheupe lililoning'inizwa kwenye boriti ya chuma juu ya kiti cha jaji. Likivutwa kwa kamba linakwenda na kurudi, jaji anapata upepo. Basi watu wa Kichangani walishaamua kuwa anayempepea jaji ni mtu wa jaji. Masikini ya Mungu, mtu mwenyewe hukaa nje barazani, nyuma ya ukuta, kamba inamfikia kupitia tundu la ukubwa wa yai. Miaka yote hiyo alimjua jaji kwa kikohozi tu. Lakini nani angemsikiliza? Walikuwa wakimpisha njiani, wanamwita mheshimiwa, naye kwa aibu alikuwa akitazama chini.

Bi Mwanabaraka alijinyoosha, akafuta kisu kwenye kanga. Alieleza kuwa udongo ule ungesomewa, ushonwe ndani ya kipande cha kaniki, kisha Albano akitie kwenye pindo la panka. Kitambaa cha panka si kilikuwa humo ndani mwake? Kila Jumamosi hukileta nyumbani kufuliwa, na Jumatatu hukirudisha.

Albano alimjibu taratibu kwamba mambo ya korti hayaendi hivyo, jaji ana vitabu vyake.

"Mie sisomi, mwanangu, lakini si mjinga," alisema bibi. "Kesi ya nyani mmempelekea ngedere. Tangu lini Mzungu akamwambia Mzungu mwenzake acha? Basi walau upepo upite kwanza kwenye milango yetu, ndiyo umfike."

Akaondoka na kifuu chake. Jioni alimpitishia Albano kipande cha kaniki kilichoshonwa, kizito kidogo, hakizidi kidole. Albano alikiweka juu ya meza, akakaa anakitazama.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Albano alitoka kwao Masasi kwa amri. Mjerumani alimtwika mzigo wa risasi, Mwingereza akampokea njiani akamtwika wa kwake, na vita vilipokwisha akajikuta Dar es Salaam hana hata cha kujifunika. Mahali pa kwanza alipokaa bila kuambiwa na mtu kaa ni Kichangani. Nyumba ile aliisimamisha kwa mikono yake, na siku aliyotia mlango alikaa mbele yake akiufungua na kuufunga mpaka Bernadeta akamcheka. Sasa akikubali jambo hili na likagundulika, kazi imekwenda na gereza linamngoja. Akikataa je?

"Ukikataa na tukavunjiwa," Bernadeta alimwambia, huku akipepeta mchele, "hakuna atakayemlaumu Bwana Shauri. Watakulaumu wewe."

Bernadeta alikuwa na mkono mzuri wa kushona, lakini alikataa katakata kuishika ile sindano. Mkono wake usiwemo, alisema. Kwa hiyo Albano akajishonea mwenyewe, uzi unamkatikia, mishono imekaa mbalimbali kama meno ya mzee. Alipomaliza alijiambia kuwa maji akishayavulia nguo hana budi kuyaoga. Hakulala vizuri.

Asubuhi alilitundika panka kabla ya makarani kufika, akakaa kwenye kigoda chake barazani, akaizungushia kamba kiganjani. Aliwasikia watu wa Kichangani wakiingia, akazijua hata hatua za Bi Mwanabaraka. Akasikia viatu vya Bwana Shauri. Jaji akakohoa, wote wakasimama, na Albano akaanza kuvuta.

Jaji huyu alipenda upepo wa wastani. Ukilegea, hugonga meza mara moja. Ukizidi, karatasi zinaruka, naye hugonga mara mbili. Albano aliijua kasi yake kama anavyojua njia ya kwenda kisimani. Wakili wa Kihindi alisema, wakili wa serikali akasema, na Theonest, mkalimani wa korti, kijana wa Bukoba mwenye sauti ya padri, akawa anawageuzia wazee maneno hayo kwa Kiswahili. Kwa hiyo Albano alisikia kila kitu. Alipopata kutulia kidogo, akaweka jicho moja kwenye lile tundu.

Aliona kona ya meza, mkono wa jaji wenye madoadoa, na karatasi nyeupe. Juu ya karatasi hiyo palikuwa na chembe nyekundu.

Alidhani macho yanamdanganya. Akavuta, panka likaenda, likarudi, na chembe nyingine ikadondoka karibu na ile ya kwanza. Mshono ulikuwa umeachia, na kaniki nayo imefumuka! Akilegeza kamba udongo unapungua, lakini meza inagongwa. Akivuta sawasawa, mlango wa Bi Mwanabaraka na wa majirani zake wote unamwagika mbele ya jaji, na wake yeye humohumo. Alilegeza. Meza ikagongwa. Akavuta. Jaji aliipukusa karatasi kwa upande wa kiganja, akaendelea kuandika. Baada ya kitambo akaipukusa tena, na safari hii mkono ukabaki hewani, kana kwamba mwenyewe anatazama juu.

Albano alisali kwa maneno yote aliyoyajua, hata yale ya majirani zake Waislamu.

Ndani, jaji alimwuliza Bwana Shauri ni sheria gani iliyompa nguvu ya kuvunja nyumba za watu. Bwana Shauri akajibu kwamba alikuwa na amri ya Gavana. Jaji akauliza kama wenye nyumba walipata kusikilizwa kabla ya amri hiyo. Bwana Shauri akasema kuwa walitangaziwa.

"Kutangaziwa si kusikilizwa," Theonest alitafsiri, na sauti yake ya padri ikayumba kidogo. "Jaji anasema Gavana naye amewekewa mipaka na sheria. Ndani ya mipaka hiyo anaamuru. Nje yake, amri ni karatasi tu. Anasema hakuna nyumba itakayoguswa Kichangani mpaka wenyewe wawe wamesikilizwa."

Mle ndani hakuna aliyepiga kelele. Nadhani hawakuamini. Albano mwenyewe aliendelea kuvuta, machozi yanamtoka, hajui kama analia kwa furaha au kwa hofu iliyochelewa kutoka. Mzungu amemwambia Mzungu mwenzake acha! Alitamani awaone wazee nyuso zao, lakini tundu lilimwonyesha meza tu. Hapo ndipo alipouona mkono mwingine ukija juu ya meza, mkono wa wakili wa serikali, ukachota zile chembe nyekundu kwa kidole.

Wakili yule alisema kwa sauti ya upole sana. Alisema korti imechezewa uchawi. Chokaa ya jengo lile ni nyeupe, na udongo huu mwekundu umetoka kwenye panka, na mvuta panka, ameambiwa sasa hivi, ni mkazi wa Kichangani. Aliomba uamuzi ule usitishwe papo hapo. Bwana Shauri akadakia kwamba vibarua wake walishafika Kinondoni na mitaimbo, wanangoja neno lake, na huyo mtu nje akamatwe apelekwe gerezani bila kupoteza wakati.

Kamba ilimtoka Albano mkononi.

Aliwaza kukimbia. Lakini angekimbilia wapi? Askari alimkuta palepale kwenye kigoda, akamwinua kwa kwapa, na walipofika mlangoni Albano alisikia jaji akisema neno kwa ukali, naye Theonest akalitafsiri, ingawa hapakuwa na aliyemwomba.

"Anasema hawezi kuwaambia wengine wasikilize, kisha yeye mwenyewe amfunge mtu ambaye hajamsikiliza. Mleteni."

Akaletwa mbele. Ndiyo mara ya kwanza kumwona jaji uso mzima. Alikuwa mzee kuliko kikohozi chake, nywele zimelowa kwenye paji, maana panka lilikuwa limesimama na chumba kimekuwa tanuri. Bi Mwanabaraka alikuwa benchi la mbele, amejifunika kanga mpaka puani. Theonest alimsogelea Albano kana kwamba anampanga mahali pa kusimama.

"Sema ni kutu ya boriti," alimnong'oneza bila kutikisa midomo. "Nami nitaitafsiri ilainike."

Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Kutu ya boriti. Angeyasema, na huenda yakapita. Lakini Albano aliinua macho akaliona pindo lililofumuka, na ndani yake ncha nyeusi ya kaniki imechungulia. Wangeteremsha kile kitambaa tu, na watu wote wa Kichangani wangekuwa waongo siku ileile waliyopewa ruhusa ya kusema. Akisema kweli je? Mitaimbo ilikuwa Kinondoni. Alimtazama Bi Mwanabaraka ili amwonyeshe njia, na bibi akainamisha kichwa, akitazama sakafu.

Jaji akauliza swali lake. Theonest akaligeuza polepole: udongo huu umetoka wapi?

Jaji alichovya kalamu kwenye wino, akaishika juu ya karatasi, akangoja. Katika maisha yake yote, kuanzia Masasi, Albano alikuwa hajaona mkubwa akimngoja yeye amalize kufikiri.

"Umetoka mlangoni kwangu, Bwana Jaji," alisema.

Bwana Shauri alivuta kiti kwa kishindo. Theonest akaitafsiri vilevile, bila kuilainisha. Kalamu ikaanza kukwaruza. Iliandika mstari, ikasimama.

"Endelea," akaambiwa.

Albano akafungua mdomo. Jasho lilimtiririka jaji mpaka kidevuni, likadondoka kwenye karatasi, naye hakulifuta. Huko barazani kigoda kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekwenda kuvuta kamba.