Jicho la Kazi

Mwanamume akishavuliwa viatu na kuvalishwa kofia ya plastiki kichwani, kama mkate uliotiwa mfukoni, ubabe wake hubaki mlangoni pamoja na viatu. Fundi Saa aliligundua hilo akiwa ameshalazwa chali kwenye kitanda chembamba, mikono kifuani, huku muuguzi akimbandika plasta kwenye kope.

"Usiogope, baba."

"Nani anaogopa?" alijibu, na meno yakagongana.

Alikuwa amejipeleka hospitali mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Tangu utotoni alikuwa haoni mbali. Bila miwani, mtu aliyesimama hatua chache kutoka mezani kwake alikuwa kama shati lililoanikwa. Na kazi yake ilitaka miwani ivuliwe kila mara, maana fundi saa hubana jichoni kijikombe cheusi chenye kioo cha kukuzia, na kijikombe hakikai juu ya miwani. Basi siku nzima ilikuwa vua, bana, bandua, vaa. Miwani aliikalia, akaisahau chooni, akaitafuta huku ameivaa. Siku moja mteja alifika, akasema, "Fundi, ile yangu ya dhahabu ile," na fundi, kijikombe kikiwa jichoni, akampa saa mtu ambaye hata sura hakuiona. Mwenye saa halisi alikuja jioni. Hapo ndipo aliposema yatosha, macho yatengenezwe.

Daktari alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Alikwisha kumweleza yote: atakata utando mwembamba juu ya kioo cha jicho, ataufunua kama mtu anavyofunua ukurasa, atapitisha mwanga chini yake, kisha ataurudisha mahali pake. "Hatushoni. Utando unajishika wenyewe. Ndiyo maana nakuomba, baba, mkono wako usifike jichoni. Usisugue, usibonyeze, usitie maji."

"Sawa, daktari," alisema, kama mtu anavyokubali kuacha sukari.

Jicho la kulia ndilo lililotangulia. Lilikuwa jicho lake la kazi. La kushoto lilikuwa abiria tu. La kulia likawekewa kikamatio cha waya, na kope zikaachana zisiweze kukutana. Jaribu wewe kutaka kupepesa ukanyimwa! Kitu kama pete kikamkandamiza, dunia ikazima. Ilipowaka tena ilikuwa ukungu, na katikati ya ukungu kulikuwa na kitaa cha kijani kinachotetemeka.

"Kazi yako ni moja. Tazama taa."

Akaitazama. Mashine ikaanza kulia ta-ta-ta-ta, kama saa iliyokatika kamani, ule utepe wa chuma unaoiendesha, na kukimbia ovyo. Harufu ya nywele zilizoungua ikamfikia. Mikono yake, iliyozoea kutuliza kila kinacholia hivyo, ikainuka kidogo toka kifuani. Muuguzi akaishika yote miwili, akaikalisha chini.

"Tulia, baba. Hii si yako."

La kushoto nalo lilipokwisha, nyumbani alifika akiwa ameshikwa mkono na mkewe kama bibi harusi. Machozi yalimtoka kama ya vitunguu, mchanga ukimtambaa chini ya kope. Mkewe akamkalisha kwenye kiti chake, akamvalisha miwani ya jua, akapanga chupa za matone juu ya meza: ya kuzuia vidonda, ya kutuliza uvimbe, ya machozi ya kununua.

Dada yake mkubwa alikuja kumpa pole. Mwanamke yule alikuwa na ulimi ambao hata jirani wa pili alikuwa anaufungia mlango.

"Jamani, mdogo wangu! Umekuwa mwimbaji?"

"Dada, macho yanauma."

"Yataacha kuuma? Umeyachokoza." Akamgeukia mke. "Wifi, anaoga huyu?"

"Kuanzia shingo kwenda chini tu, wifi. Uso nampangusa kwa kitambaa."

"Kama kabati!"

Hata aliyekuwa anaumwa akacheka, na kucheka kukamuuma. Lakini dada alipoondoka, kicheko kilimfuata mlangoni, na Fundi akabaki na giza lake la kahawia. Kula alionyeshwa kijiko. Kulala alilala chali, vifuniko vya plastiki vimebandikwa machoni, asije akajisugua ndotoni. Matone alitiwa kinywa wazi, kama kifaranga. Mtu aliyefufua saa za mji mzima alikuwa sasa anauliza, "Mama watoto, nikae wapi?"

Asubuhi iliyofuata alikwenda kuonwa, na daktari akafurahi. Fundi alisoma herufi za ukutani mpaka mstari mdogo. Njiani alisoma vibao vya maduka vyote kwa sauti, mpaka mkewe akamwambia watu wanadhani ndio kwanza ametoka shule. Furaha hiyo, jamani, aliila kwa siku moja.

Mchana wa kesho yake mkewe alimwona anageuka-geuka kitini, hapati usingizi. Ukutani saa kubwa ya sebuleni ilikuwa inagonga, tik, tak, naye kila ikigonga alikunja kidole. Mke, kwa huruma tu, akapanda kistuli, akachomoa betri, akaingia jikoni kwa kunyata. Fundi akasinzia pale pale, miwani ya jua puani.

Mtu mwingine huamshwa na kelele. Fundi saa huamshwa na kimya. Alishtuka, akasikiliza, hakusikia kitu. Saa imekufa! Na kabla akili haijaamka, mwili ulikwisha kwenda kazini. Miguu ikapanda kistuli kile kile, mkono wa kushoto ukaishusha saa ukutani. Mkono wa kulia ukavua miwani, ukaingia mfuko wa shati, ukatoa kijikombe, ukakibana jichoni kwa ule msokoto mdogo, kama anayefunga kifuniko cha chupa. Kwake kuvua miwani na kubana kijikombe vilikuwa tendo moja, havikuwahi kuwa mawili. Hata mlango wa betri alikuwa hajaugusa.

Mkewe alisikia ukelele, akatoka mbio na mwiko mkononi. Alimkuta amepiga magoti, kijikombe kikibingirika sakafuni, kiganja kinaelea mbele ya uso, kinataka kushika jicho na kinaogopa.

"Umefanya nini?"

"Sijui. Sijafanya mimi. Mkono umefanya."

"Unaona?"

"Maziwa. Naona maziwa."

Ndani ya teksi mke alishindwa kujizuia.

"Betri niliitoa mimi. Nilitaka ulale."

Fundi akamgeukia. "Haikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu."

Alitaka kukasirika akakosa pa kuanzia. Aliyetoa betri alimpenda, na aliyebana jicho alikuwa yeye. Mchuma janga hula na wa kwao, na hawa wawili walikuwa wanakula sahani moja. Akapapasa kiti mpaka akapata mkono wa mkewe, akaushika.

Daktari hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha. Utando ulikuwa umeteleza na kujikunja ukingoni, kama shuka la mtoto. Wakamrudisha kitandani, kofia ile ile, waya ule ule. Daktari akaufunua utando, akauosha, akaunyoosha kwa kibrashi chenye maji, akaweka juu yake lenzi laini ya kuulinda. Safari hii hakukuwa hata na taa ya kijani ya kutazama. Muuguzi alimshika mikono tangu mwanzo bila kuombwa.

"Daktari, nitaona?"

"Utaona. Ila huenda kikabaki kikunjo. Kikibaki, herufi zitakuwa na kivuli."

"Na jino la gurudumu la saa ya kike? Ni dogo kuliko chembe ya chumvi."

"Hilo sijui, baba. Tusubiri."

"Nikisubiri nifanye nini?"

"Hakuna. Usifanye kitu. Ndiyo dawa yenyewe."

Sasa anakaa kitini, kifuniko cha plastiki kimebandikwa jichoni usiku na mchana. Kijikombe mkewe amekificha, na dada amekataa katakata kutaja kilipo, ingawa kutokutaja kunamtesa. "Mdogo wangu, mikono yako tuifungie stoo," anasema, halafu anampangusa kidevu taratibu.

Jana mke alirudisha betri, akaitundika saa. Ikaanza kugonga. Fundi akainamisha kichwa, akasikiliza kama anavyosikiliza siku zote, na uso wake ukakunjamana.

"Inachelewa. Umeirudisha vibaya, kuna kitu kinagusa mshale. Kidogo tu. Nipe niifungue."

"Kaa."

"Ni kazi ya dakika moja tu, mama."

"Kaa, nimesema. Fungua mdomo, matone." Naye akafungua mdomo, kwa mazoea, ingawa matone yanakwenda jichoni. Mke akainua kifuniko, tone likaanguka jichoni, baridi. Ukutani saa ikaendelea kujikokota.

"Inachelewa," alinong'ona tena.

"Iache ichelewe," mkewe alisema, akimshikilia kidevu. "Sisi tuna haraka ya kwenda wapi?"