Kidole Juu ya Karte

…juu mimi niliona yote, na macho yangu mbili mwenyewe, hakuna mutu mwingine mu hii salle anaweza kusema vile, benye kuikaa hapa bengi ile mwaka balikuwa bangali mu mugongo ya bamama yabo, na mimi nilikuwa juu ya magunia ya biazi, juu kabisa, kama burugumestre, mukubwa wa commune, niliona mulima, niliona soko ya Butembo chini, niliona mugongo wa baba yangu, donc kama commune inatafuta shahidi wa njia ya zamani, shahidi njo huyu, nilibaambia vile asubuhi nikiingia, nilivaa hata veste yenye niliolea, kifungo moja tu njo inakubali kufunga, na sasa kidole yangu iko hapa mu hewa, juu ya karte, inabakia kidogo tu iguse karatasi, na haitaki kushuka… "Papa Mbusa, tunakungojea," ni Monsieur Octave anasema, chef wa urbanisme, mwenye kupanga muji, mutu wa Kasai, muzuri, mwenye adabu, miaka tatu iko hapa kwetu na baridi yetu ingali inamushangaza, anavaa pull-over chini ya koti, pole chef, ninakuja, kidole hii ni ya zamani, kiboko ya Vitshumbi, kule ku ziwa, njo iliipinda, hiyo ni kweli na mutu asiulize… walisoma asubuhi yote, masharti ya zamani ya commune na masharti mapya, moja moja, Monsieur Octave anasoma kama padri, polepole, anaangalia kama tunalala, namna ya kujenga nyumba, mabati isitupie jirani maji, kila parcelle, kila kiwanja, ichimbe mufereji na iweke mawe, baraza isikule barabara, watu walipiga makofi kwa ile ya baraza na kila mutu aliangalia jirani yake, kisha kilima, ile kilima yetu ya mikalitusi, hakuna kukata tena, hakuna kujenga kwenye inasimama sana, juu mvua ikikuja udongo unashuka na nyumba na sahani na Biblia, tuliona, kisha njia, na hapo njo niliamka vizuri, njia ya miguu na ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, njia yenye pikipiki haitaingia hata kama dereva analia, juu chukudu haikule essence, haitoe moshi, inabeba biazi ya Kipese na kabichi na mbao na bibi-harusi kama inafaa, Mademoiselle Aurélie alisema vile, ule mwenye kuchora karte, alisema na Kifaransa kizuri kwamba chukudu ni maendeleo, mimi nilisimama nikasema, maendeleo hiyo, baba yangu Kahongya aliileta hapa!, na watu walicheka, mais walicheka na heshima…

na Ézéchias, dereva wa pikipiki, mdomo kama mulango ya soko, njo alianza yote, ni yeye alimwambia Mademoiselle, kama munatafuta njia ya zamani muulize Mbusa, iko na hadithi, atawaambia ginsi baba yake alishuka na magunia munane, moja kwa moja, bila freni, kutoka barabara ya Kipese mupaka soko, kuku zinaruka, bamama banaruka, padri anafanya musalaba, na baba anaimba, hadithi yenyewe, yangu, miaka makumi mbili ninaisema kwa Virginie, mu baa yake, mbele ya kasiksi, pombe ya ndizi, kila mwaka magunia inaongezeka kidogo, zilianza tatu, hata mimi sijui ginsi zilifika munane, biazi inazaa… na Mademoiselle, mutoto wa watu, aliamini, alikamata crayon nyekundu, akachora musitari moja, wima, kutoka juu mupaka chini, muzuri, kama mutu amepasua kilima na panga, "ni hapa, papa?", na mimi nilikuwa mbali, nilikuwa bado ninasalimia watu, nilisema ni hapo hapo, sikuangalia, nani anaangalia karte wakati watu banamupigia makofi…

"Kidole yake imekufa moteur!" Ézéchias tena, salle nzima inacheka, hata Monsieur Octave anafunika kinywa na karatasi, cheka tu, ndugu yangu, cheka, juu sasa niko karibu, niko ninaona, na musitari nyekundu inapita hapa kwenye mikalitusi, sawa, inapita hapa kwenye mufereji, sawa, kisha inapita juu ya kakitu kadogo ka mraba, na pembeni Mademoiselle ameandika na maandishi yake ya masomo, cuisine, na ile cuisine mimi ninaijua, niliikalia, nilikula mule mwaka mbaya wakati muke yangu Joyeuse alinifukuza siku tatu, ni jiko ya yaya Florentine, dada yangu, Masika kwa jina ya nyumbani, mutoto wa kwanza ya baba, mimi mwanaume wa sita, yeye mbele ya wote… na sharti ya saba Monsieur Octave aliisoma mara mbili, njia yenye shahidi anaionesha kwamba watu waliipita tangu miaka makumi tatu, njia hiyo ni ya wote, itaandikwa, na nyumba yenye iko juu yake itasogea, itasogea, neno gani hiyo, jiko haina miguu, jiko yenye mawe yake matatu na moshi ya miaka makumi mbili mu mabati, itasogea wapi, nyuma kuna mulima, mbele kuna mufereji, pembeni kuna kaburi ya baba na ile miti ya mupaka yenye tulipanda, yenye haikufake hata ukiikata… na yaya hawezi kujitetea, aliuliza asubuhi, akajibiwa na adabu, mama, mwenye nyumba hashuhudie juu ya nyumba yake mwenyewe, tutatafuta mutu mwingine mwenye alikuwako, na mwingine mwenye alikuwako ni nani, ni mimi, Mungu iko na mchezo…

yaya iko pale kwa mulango, simugeukie mais ninamusikia, anasimama na kitenge ya jiko, harufu ya moshi inafika mupaka hapa, na anasema, si kwa sauti kubwa, "Mbusa, weka kidole, maragi yangu iko ku moto," na watu wanacheka tena, na mimi sicheke, juu kisha kucheka anaongeza kidogo, kama mutu anatia chumvi, "weka kwenye uliona"… kwenye niliona, yaya, miaka makumi mbili unasikia ile hadithi yangu, kwa harusi, kwa matanga, hata siku tulizika baba niliisema na watu walicheka na machozi, na hakuna siku moja ulisema Mbusa unadanganya, ulileta tu sahani ya maragi ukaniwekea mbele, nyama ndani chini ya maragi, ulificha juu batoto bengine basilie, ukaenda, na mikono yako, mimi ninaijua ile mikono, katikati ya kiganja kuna ngozi ngumu, laini-laini kama sabuni, watu banafikiri ni jembe, si jembe…

ni kamba, ni kamba, na mimi niliona, niliona yote, nilikuwa juu ya magunia, magunia mbili, haya, mbili na nusu, baba mbele anashika usukani wa chukudu, ile ya kwanza, mbao ya mukalitusi, magurudumu ya mbao na mpira ya pneu imepigiliwa, inalia kama nguruwe, na nyuma kamba, na kwa mwisho wa kamba yaya, miaka kumi na mbili, miguu wazi, visigino mu udongo, anavuta kwa nyuma, yeye njo alikuwa freni, hadithi yangu inasema bila freni, na freni ilikuwa pale inapumua, inasema Mbusa shika vizuri, Mbusa usianguke, mimi uzito juu ya uzito, hakuna mutu aliniambia nishuke na mimi sikushuka, niliona vizuri kule juu… na tulifika pale kwenye mulima inasimama, pale kwenye musitari nyekundu inaanza, soko iko chini kabisa, unaona moshi ya mikate, wima kidogo tu na umefika, bengine balipita pale na walivunjika meno, baba alisimama, aliangalia chini, aliangalia nyuma, aliangalia kamba, aliangalia mikono ya mutoto, damu ilikuwako kidogo, na alisema, "Masika, mikono yako inatosha kwa leo, tuzunguke," akageuza chukudu, na tulizunguka, kwa chemchemi, chini ya mikalitusi, njia ya polepole, inapinda kama nyoka imeshiba, tulikunywa maji, yaya aliosha mikono, tulifika soko nyuma ya wengine wote, bei nzuri ilikuwa imekwisha kwenda, na baba hakulia, na kesho yake tulipita tena pale, na kesho yake, na jirani walifuata, na bamama benye mizigo bakafuata juu magoti yao yalipenda, ile njo njia, ile watu walipita miaka makumi yote, mimi pia, nikiwa mukubwa, nikiwa na chukudu yangu, kila siku nilizunguka kwa chemchemi na kila jioni nilisema kwa Virginie tulishuka wima…

"Papa Mbusa, kuna shida?" ni Mademoiselle, anainama, crayon yake iko mu nywele, mutoto mwenye adabu, anafikiri pengine sioni, anavua miwani yake anataka kunipa, aksanti, binti, macho ni mazuri, macho haijakuwa na shida hata siku moja, ni kinywa… na wakati ule ule ninaona kitu yenye ingenichekesha kama nilikuwa peke yangu, asubuhi alisema njia nzuri ya chukudu isisimame sana, ipite kwenye kivuli, isikate kilima juu maji itaifuata itaifanya bonde, isogee karibu na maji ya kunywa, alieleza na michoro, dakika makumi mbili, na baba alijua ile yote kwa kuangalia mara moja tu mikono ya mutoto, hakusoma hata première primaire, mimi nilifika quatrième na sikujua… donc nikishusha kidole, nitaipeleka huku, kushoto, kwa ile doa ya bluu kadogo ya chemchemi, nitaizungusha polepole chini ya mikalitusi, na Ézéchias atapiga kelele, eh, na magunia munane?, na bila freni?, na padri?, na jioni kwa Virginie hakuna mutu atanisogezea kiti, watasema Kahongya alizunguka kama mwanamuke, sawa, aseme mwenye kusema, nitawaambia freni ilikuwako, iko na jina, inasimama pale kwa mulango na maragi yake inaungua juu yangu, muandike ile jina ku karte, Monsieur Octave, njia ya Masika, muandike na wino, si crayon, na nitasema magunia zilikuwa mbili… mbili na nusu… na nitawaambia yote ginsi niliona, mugongo wa baba, kamba, damu, maji ya chemchemi, yote kweli, ninaapa mbele ya commune, kidole ingali juu, veste inabana, yote kweli kabisa isipokuwa kitu moja, kadogo, ile neno ya baba, Masika mikono yako inatosha kwa leo, ile baba hakusema, baba alikuwa mutu wa kunyamaza, aligeuza tu chukudu, ile neno ni yangu, nimeitengeneza hapa hapa, sasa hivi, juu inafaa mutu amwambie.