Robo Saa ya Mama

Kaka yangu alisomea muziki wa okestra miaka saba, akatoka chuoni na shahada na mgongo uliopinda kwa kuinamia piano. Kisha maisha yakampangia mengine. Alitunga muziki wa tangazo la dawa ya meno, wa taarifa ya habari, wa katuni ya sungura mwoga, na hatimaye wa filamu ishirini na tatu, nyingi za kuliza watu. Mama ndiye aliyemfundisha piano tangu miguu yake haijagusa sakafu. Mimi nilifukuzwa mapema, eti vidole vyangu ni vya kukandia unga.

"Nimesikia wimbo wako wa dawa ya meno," Mama alimwambia siku moja. "Meno yametakata. Moyo je?"

Figo za Mama zilipochoka, daktari alituambia tuhesabu wiki, si miezi. Mama akaomba kitu kimoja tu: muziki wa piano usiokatizwa na mlango unaofungwa wala gari linalolipuka. Robo saa nzima, wake mwenyewe, ausikie akiwa hai. Kaka alikula kiapo. Alikataa filamu mbili, akajifungia na piano chumba cha pili.

Siku ya sita nilimpelekea chai. Kwenye skrini alikuwa Mama, amelala kitandani. Kaka alikuwa amemrekodi kwa simu dakika kumi na tano, na sasa alikuwa akiirudisha picha nyuma na kuipeleka mbele, akiandika juu ya nota: hapa anakohoa, hapa anakunja vidole.

Nilipandwa na hasira. "Kaka, mama mwenyewe yuko nyuma ya ukuta huu, nawe unamtazama kwenye kioo?"

"Bila picha siwezi kuandika hata mstari mmoja," alisema bila kugeuka. "Nimeshasahau. Tafadhali usimwambie."

Sikumwambia, na najuta.

Alhamisi asubuhi Mama aliniuliza, "Kaka yako yuko wapi? Mwambie aje akae nami." Nikaenda mbio.

"Zimebaki dakika mbili," Kaka akasema.

"Dakika mbili zako ni siku mbili! Ngoja ngoja huumiza matumbo. Njoo umpigie hicho ulichonacho."

"Haujaisha. Aliomba usiokatika, nimpelekee uliokatika?"

Mama alifariki kabla ya adhuhuri, mkono wake umo mkononi mwangu. Kaka aliletwa na kilio changu, kalamu ingali sikioni. Alisimama mlangoni, hakujua aingie au arudi.

Baada ya mazishi Kaka hakuweza kukanyaga chumba cha piano, nikazipanga mimi karatasi zake. Kurasa zilijaa nota, nyeusi tititi, hadi dakika ya kumi na tatu. Hapo palikuwa na nota moja tu, imevutwa mstari mzima, na juu yake Kaka alikuwa ameandika kwa penseli: "Anageukia mlango. Anamngoja mtu."