Kabla ya Kununua Bafle, Gonga Sufuria

Wewe mama unayesoma hii, kama bwana yako anataka sinema ya ndani ya nyumba, usimuache aende dukani peke yake. Enda naye, na ubebe sufuria. Utacheka, lakini soma kwanza.

Sisi tunakaa Ndosho, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, pale avenyu inapokata kona. Sauti ya watu wa juu haifiki kwa watu wa chini, sisi ndio katikati. Wakati ule vita ilikuwa imefika Kibati, karibu na muji wetu. Wakimbizi walikuwa wanapita na magodoro kichwani wakienda kambi ya Mugunga, na wenye bunduki walikuwa wengi, hata hujui nani wa upande gani. Giza likiingia tu, wanaanza kuvamia majumba. Basi watu wa avenyu tukapatana: jirani akivamiwa, gonga sufuria. Anayesikia anapokea, anagonga yake, mupaka nyumba ya mwisho. Wezi wakisikia kelele imewatangulia, wanarudi. Ilitusaidia, siyo mara moja.

Nyumba ya mwisho, kule chini, ilikuwa ya mama mukwe wangu, Pascasie. Alikuwa mujane, na mutoto wangu Charline alikuwa analala kwake, maana kwetu koko, bibi ya watoto, haachwi alale peke yake. Kwa hiyo kila jioni masikio yangu yalikuwa inje. Sufuria yangu ilitundikwa kwenye musumari karibu na mulango. Hiyo haikupikiwa kitu.

Bwana yangu Kasereka alikuwa analeta maharagi kutoka Butembo. Safari moja yakauzika vizuri, akasema sasa na sisi tutaangalia filme kama watu. Tukaenda soko ya Birere, kwa muuzaji mumoja anaitwa Benny.

Benny akatuonyesha vyombo viwili. Cha kwanza kilikuwa kidogo, ampli na bafle mbili za kutolea sauti, maneno ya watu yanatoka safi. Cha pili kilikuwa na bafle tano za kuweka kila pembe ya saloni, pamoja na sanduku la besi ambalo mbuzi angelala ndani. Akaweka filme ya vita. Kifua changu kikatetemeka.

"Papa Charline, tuchukue hii ndogo," nikasema. "Nyumba yetu ni ya mbao."

"Hiyo ndogo ni ya kusikilizia misa. Benny, unamusikia huyu? Anataka redio ya muzee!"

"Mama, hii kubwa ndiyo iko na besi," Benny akaniambia. "Bomu ikilipuka, unaisikia mupaka ndani ya tumbo."

"Bomu nilisha kusikia, tena bila kulipa."

Wakacheka wote wawili, Benny akaongeza sauti. Mimi nikatoka. Pale inje mama mumoja alikuwa anauza masufuria. Nikamuomba moja na mwiko, nikasimama mulangoni mwa duka, nikagonga. Soko yote ikageuka. Kasereka na Benny, hapana. Nikagonga tena mupaka yule mama akasema nitamuharibia mali. Hawakugeuka. Nikaingia, nikamushika bwana yangu mukono.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Nimegonga sufuria hapa mulangoni!"

Akamuangalia Benny, meno yote inje. "Unaona? Hakuna kelele ya inje inaingia. Ndiyo yenyewe! Funga, tunabeba."

Ikafika Ndosho juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, watoto wanasukuma nyuma wakiimba. Kutoka siku ile, nikipunguza sauti, yeye anaongeza. Jioni nikawa nakaa inje kwenye kizingiti, mugongo kwa filme, masikio kwa avenyu.

Siku moja akaalika wenzake wa soko. "Mama Charline, ingia upakue, wageni wana njaa." Nikaingia. Risasi za filme zilikuwa zinapita mbele, nyuma, kila pembe. Hiyo ndiyo kazi ya bafle tano. Watu wa juu waligonga mupaka mikono ikachoka. Hivyo walituambia baadaye. Sisi tulikuwa tunapitisha samaki.

Nilipotoka kumwaga maji, nikasikia kilio kinatoka chini. Nikakimbia. Mama mukwe alikuwa amelala mulangoni mwake, damu imeshafika kwenye mawe. Charline nilimuvuta kutoka chini ya kitanda, muzima.

Baba yake alipofika, mutoto akasema: "Walipiga hodi. Koko akaniambia, usiogope, kama ni wezi papa yako angekuwa amesha kugonga. Akafungua."

Kasereka akabeba mama yake, akamuingiza ndani.

Watu wa avenyu walikuja kwenye kilio, walikula, walisali na sisi. Hakuna aliyetugombeza. Lakini tulipomaliza matanga, watu wa juu wakavuta waya juu ya mawe, nyuma ya nyumba yetu, wakafunga mikebe. Wakiuvuta, unalia moja kwa moja kule chini. Unatupita; sufuria yetu hawaingoji tena.

Basi wewe, dukani, bwana akae ndani, wewe ugonge inje. Asipogeuka, bafle hizo ziacheni pale pale, hata kama ni zawadi. Zetu zimefunikwa kitambaa, hakuna wa avenyu anayezitaka. Na sufuria yangu ingali kwenye musumari. Juzi usiku niliigonga, kulikuwa na wezi kwenye kiwanja cha jirani. Nilingoja jirani anayetufuata kule chini apokee. Hakupokea.